Kitambaa cha Pointi ya Saba

Ukifika soko la Bunia ukauliza fundi wa kushona, utaonyeshwa watu arobaini na utapotea. Weye uliza Mama Véro mwenye mdomo. Hapo hata muuza chumvi atakuelekeza: pita wauza makayabu, wale wa samaki wa chumvi, kata mkono wa kuume, kisha tega sikio. Utamsikia kabla hujamwona. Atakuwa anamgombeza mtu juu ya pindo la sketi, na huyo anayegombezwa atakuwa anacheka.

Jina lake lote ni Véronique Lotsove. Ana miaka hamsini na mitatu, mwili wa kushiba, na cherehani ya kukanyaga kwa mguu ambayo aliipata hapa hapa Bunia. Kwao ni Dzari, kilima kimoja cha upande wa Bambu. Vita ilipoamka, miaka saba iliyopita, aliteremka kilima hicho na vitenge viwili na mumewe Xavier. Vitenge vilifika. Siku ya tatu njiani Xavier alishikwa na homa, na asubuhi ya nne wakamzika kando ya barabara kwa jembe la kuazima, haraka haraka, maana nyuma risasi zilikuwa zinalia. Hakuna aliyekaa chini. Hakuna aliyeimba. Véronique aliondoka pale na udongo kwenye kucha, akafuata wengine.

Hayo hayasemi ovyo. Ukimuuliza habari za kwao atakuambia habari za shamba: kabichi za Dzari, maharagwe ya Dzari, viazi ambavyo hapa Bunia hujawahi kuvila na hutavila. Shamba hilo ndilo lililokuwa linamnyima raha. Watu wa Dzari walishaanza kusikia kwamba wengine wanarudi na kulima penye mashamba ya wenzao, na yeye hakuwa na karatasi yoyote. Nani alikuwa na karatasi? Mipaka ilikuwa ni vichwa vya wazee na miti iliyopandwa, na vita ilikuwa imekata vyote viwili.

Sasa sikia. Mwaka jana, msimu wa mvua haujaanza, watu wawili waliingia kwenye kibanda chake. Mmoja ni Charlotte, enjenia wa ramani, mtoto wa Bunia hii hii, mrefu, mwenye miwani na adabu. Wa pili ni Katsuva, mtu wa Butembo, ambaye kwa siku nzima anasema maneno kumi na yote ni ya lazima. Charlotte akasema wanataka vitambaa vya droni.

Véronique aliondoa mguu kwenye cherehani. "Droni? Hapana, mutoto wangu. Mi sishonaki bitu bya vita. Muende kwa mwingine."

"Haiko ya vita, Mama. Iko ya kupiga ramani," alisema Charlotte.

Katsuva alitoka, akarudi amekumbatia ndege. Usifikiri ile ya miguu minne inayosimama hewani ikivuma mpaka betri inaisha. Hii ilikuwa na mabawa, mita mbili kutoka ncha hadi ncha, na mwili wake ni wa povu gumu kama lile wanalofungia televisheni mpya. Nyepesi! Véronique aliibeba kwa mkono mmoja, akaigeuza tumbo juu, akaona makovu na gundi.

"Na huku chini nani aliipiga hivi?"

"Haina magurudumu," alisema Katsuva. "Inashukiaka tumbo."

"Masikini," alisema Véronique, na tangu hapo akaanza kuipenda. Ndivyo alivyo. Kitu kikionekana kimeteseka, tayari kimeshakuwa mtoto wake.

Charlotte alimweleza kazi. Ndege inarushwa kwa mkono, inapanda, kisha inakwenda na kurudi juu ya mashamba, mstari kwa mstari kama mtu anayepalilia, inapiga picha maelfu. Kwa saa moja inamaliza vilima ambavyo mpima ardhi wa miguu angevimaliza kwa mwezi. Halafu kompyuta inazishona picha hizo zinakuwa ramani moja. Lakini picha za hewani peke yake zinaelea. Ramani inaweza kusogea hatua mbili, tatu. Kwa hiyo lazima ziwekwe alama chini, kwenye pointi zilizopimwa kabisa kabisa, ambazo ndege itaziona kutoka juu na kuzishika kama pini.

"Hatua mbili ni kitu gani?" aliuliza Véronique.

"Ni mupaka ya watu wawili, Mama."

Hilo alilielewa mara moja. Kwao watu waliwahi kutosalimiana miaka minne kwa hatua moja.

Alama za kwanza walizitengeneza kwa maturubai ya plastiki. Kabla ndege haijapaa, zote zilikuwa zimeshapanda juu ya vibanda vya wakimbizi, na nani angewalaumu, mvua ni mvua. Kwa hiyo sasa walitaka kitambaa: mraba wa mita moja, vipande vinne, viwili vyeusi na viwili vyeupe, kitu kisichozuia mvua wala kuvalika. Véronique alivishona siku mbili. Charlotte alivikunjua. Kila kitambaa kilikuwa na pindo la maua mekundu.

"Mama, maua..."

"Ningeitoa vile ilikuwa? Watu banajua mukono yangu! Baseme Mama Véro amezeeka?"

Maua yaliondolewa, kwa manung'uniko. Na wakati anayafumua, macho yake yakaangukia orodha ya vijiji iliyokuwa mkononi mwa Charlotte. Pointi ya saba: Dzari.

Akasimama. Akaketi. Akasimama tena. "Ile ya saba," akasema, "mi mwenyewe njo nitaiweka."

Charlotte alimweleza ukweli wote. Ruhusa ya kurusha ndege upande ule ilikuwa ya siku tatu, Jumanne mpaka Alhamisi, na askari wa kuwasindikiza walikuwa wa siku hizo hizo. Baada ya hapo hakuna aliyejua lini tena, labda mwaka, labda miaka. Ofisi ya ardhi ilikuwa imesema wazi kwamba sehemu isiyo na alama ya chini haitapokelewa. Kama pointi ya saba haitaonekana, Dzari nzima itabaki nje ya ramani, na watu wa Dzari wataendelea kubishana kwa maneno na mapanga. Véronique alisikiliza huku akifunga cherehani kwa turubai. Alikuwa ameshaamua.

Jumanne walipanda. Sitakuficha: alipoiona Dzari alilia mpaka Katsuva akasimamisha gari. Nyumba haikuwapo. Uwanja wake ulikuwapo, mgumu na mweupe, umebanwa na majani pande zote. Hapo hapo katikati ya uwanja wakatandika kitambaa. Charlotte akasimamisha chombo chake cha miguu mitatu juu yake, chenye kichwa kama sahani, akakaa nusu saa bila kukigusa, kinasikiliza satelaiti. Véronique alisimama kando kama mtu aliyeleta mtoto kwa daktari. Siku hiyo ikaishia kwenye kuweka alama; kurusha ndege kuliachwa mpaka kesho yake.

Walichosahau, na Véronique wa watu wote hakupaswa kukisahau, ni kwamba bondeni chini ya Dzari kuna wachimbaji wa dhahabu. Watu wa kila mahali, Wakristo na Waislamu, wenye macho makali. Wao waliona nini? Waliona enjenia kutoka mjini, chombo cha thamani, askari wanalinda, na mwisho wa yote alama ya vipande vinne, yenye msalaba katikati, inaachwa juu ya ardhi. Weye ungefikiri nini?

Jumatano asubuhi palikuwa na shimo. Lilifika kiunoni, limechimbwa vizuri, kuta zimenyooka. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa mara nne na kuwekwa pembeni juu ya jiwe safi. Kando yake, mbele ya wenzake, alisimama jamaa mmoja mpana aitwaye Blanchard, mkubwa wa wachimbaji, amejaa vumbi na heshima.

"Pole na safari, Mama," alisema. "Kitambaa yenu iko salama. Hatukuichafua."

Véronique alifungua kinywa. Wanaomjua sokoni wangekimbia. Aliwaeleza ramani, mipaka, ndege, ofisi ya ardhi. Aliwauliza kama mama zao waliwazaa wakiwa na macho. Blanchard alisikiliza yote, ameinamisha kichwa, kisha akauliza kwa upole: "Sasa Mama, kama haiko dhahabu, juu ya nini munapima hapa tu, na kule chini hamupimi?"

Wakapima upya, hatua ishirini kutoka kwenye shimo. Nusu saa nyingine. Wakati huo upepo ukaamka, na ndege ya povu haibishani na upepo wa vilima. Katsuva alitazama majani, akatikisa kichwa, wakaenda kurusha kwanza upande wa pili wa bonde uliokuwa umetulia. Waliporudi alasiri, shimo la pili. Refu kuliko la kwanza, maana sasa wachimbaji walikuwa na hakika: kitu kinachohamishwa kinafichwa.

Charlotte alikaa juu ya udongo uliotoka shimoni, akavua miwani. "Kesho njo mwisho," alisema. "Tutapima tena, lakini mi na Katsuva lazima tuwe kule chini na ndege, na askari banakaa na ndege. Hapa hatuna mutu."

"Kuko mimi."

"Mama, asubuhi walikusikiliza vizuri, na wakachimba."

Véronique alifanya njia yote ya kurudi Bambu, walikolala parokiani, bila neno hata moja, mpaka Katsuva akageuka mara mbili kumtazama. Alikuwa anajiuliza kitu kimoja tu: mtu wa huku hachimbi wapi?

Alhamisi, jua linatoka, baada ya Charlotte kupima na kuteremka, Véronique alikata matawi mabichi. Alipanda mawili kwenye njia inayotoka bondeni, kushoto na kuume, kama wanavyofanya Bunia na kila barabara ya Ituri penye msiba, ili magari yapunguze mwendo na watu waache kelele. Akapanda mengine kuzunguka kitambaa. Akavua viatu, akafunga kitenge kiunoni, akaketi chini na kunyoosha miguu. Matanga yalikuwa tayari. Marehemu tu ndiye hakumfikiria.

Wachimbaji walikuja na sululu begani. Kwenye matawi yale mawili wakasimama, kana kwamba wamegonga mlango. Sululu ziliteremka. Kofia zilitoka. Blanchard akapanda peke yake, polepole, akachuchumaa mbele yake.

"Pole sana, Mama. Nani amekufa?"

Kwa Véronique ilikuwa rahisi kutaja jina lolote, la shangazi, la jirani. Lakini yeye ni mwimbaji wa kwaya, na uongo wa kifo huogopesha. Akatafuta neno, na kinywa kikasema chenyewe:

"Bwana yangu. Xavier."

"Lini?"

"Miaka sita."

Alijua sasa watacheka, au watakasirika, na alikuwa anayaogopa yote mawili. Blanchard hakucheka. Alitazama uwanja ule, majani yale, mashimo mawili waliyoyachimba.

"Hapa njo ilikuwa kwenu?"

"Unakanyaga jiko yangu."

Blanchard aliinuka haraka, akasogea. "Na matanga yake mulifanya wapi?"

"Hatukufanya. Tulikuwa tunakimbia."

Yule mwanaume mpana alikaa chini. Aligeuka akawapungia wenzake mkono, nao wakapanda mmoja mmoja, wakampa Véronique mkono kwa mikono miwili, pole Mama, pole Mama, wakaketi kuzunguka kitambaa. Hakuna aliyekigusa. Hakuna aliyekipita hata kwa kivuli. Walifikiri kwamba ndicho marehemu mwenyewe, na pengine hawakukosea. Mmoja akatumwa bondeni. Alirudi na mama mpishi wao aitwaye Falone, na sukari, na majani ya chai, na kuni, na bidoni ya maji. Falone alifika akiwa tayari analia, hamjui Xavier wala Véronique, analia ya kwake. Akaanzisha wimbo. Mchimbaji mmoja Mwislamu akangoja wimbo uishe, akainua viganja, akamwombea Xavier kwa njia yake, na wote wakasema amina.

Kisha wakamuuliza kama inavyoulizwa: alikuwa mtu gani?

Hapo Véronique alivunjika. Alilia kama aliyeambiwa leo. Alilia kwa ajili ya jembe la kuazima, kwa ajili ya ile barabara ambayo hata leo hawezi kusema kwa hakika ni kona ipi. Alipomaliza, alianza kusema, na weye unajua akianza. Xavier alikuwa na miguu mikubwa kuliko mtu yeyote Dzari, alisema, na kila kitu alikipima kwa miguu hiyo. Shamba, hatua mia moja na arobaini. Jirani naye alikuwa na miguu midogo kama ya mke wa padri, kama padri angekuwa na mke. Akihesabu jirani, shamba linakuwa refu. Akihesabu Xavier, linakuwa fupi. Miaka minne hawakusalimiana! Mpaka Véronique mwenyewe alipochukua kamba ya kuanikia nguo akawapimia wote wawili, akawaaibisha. Wachimbaji walicheka mpaka chai ikamwagika. Falone alicheka huku machozi hayajakauka.

Ndipo ikasikika. Mvumo mwembamba kutoka bondeni, kisha kitu cheupe kikatokea juu ya ukingo wa kilima, kimenyoosha mabawa. Vichwa vyote vikainuka. Véronique akaitazama miguu yao, si ndege. Kama watasimama? Kama watakimbia wakidhani ni vita na kukikanyaga kitambaa?

"Iko nini ile?" aliuliza Blanchard, nusu ameshainuka.

"Mukae!" alisema Véronique. "Iko bapiga picha."

Wakatulia. Kwani matanga ya heshima hukosa mpiga picha? Mmoja akafunga vifungo vya shati. Mwingine akajifuta vumbi usoni kwa kofia. Falone alinyoosha kilemba. Ndege ilipita, ikaenda mbali, ikarudi hatua chache pembeni, ikapita tena, mstari kwa mstari, na kila ilipopita wale watu waliketi wima na uso wa msiba, wasipepese. Véronique aliangalia kitambaa. Kilikuwa kimelala, cheusi na cheupe, hakuna hata jani juu yake.

Kule chini ndege ilitua kwa tumbo kwenye majani. Charlotte alipopanda kumchukua, akakuta chai. Ilimbidi aketi, apewe kikombe, amlilie kidogo marehemu. Katsuva naye akaketi, na ndipo Véronique alipomsikia akiimba kwa mara ya kwanza, sauti nzito, nzuri ajabu. Kabla ya kuondoka, Blanchard na wenzake walifukia mashimo yote mawili, wakayakanyaga kwa miguu mpaka uwanja ukawa sawa.

Baada ya wiki tatu Charlotte alimwita ofisini. Dzari ilikuwa imeingia! Alimkalisha mbele ya kompyuta na kumwonyesha kilima kizima kutoka juu, kila kichaka, miti ya mipaka iliyobaki, na shamba la Xavier limelala kwenye mteremko, pembe zake zinahesabika. Karatasi ya ofisi ya ardhi ingeandikwa kutokana na hiyo, kwa jina lake, na kwa kila jirani vile vile. Véronique aliweka mkono kifuani, akamshukuru Mungu kwa sauti ambayo watu wa chumba cha pili waliisikia.

Charlotte alisogeza picha karibu. Pale uwanjani kilionekana kitambaa, kidogo, safi. Na kukizunguka, nukta, kila nukta na kivuli chake.

"Hawa njo shida, Mama," alisema Charlotte. "Ramani haibakiaka na watu. Kabla ya kuitoa, nabafuta. Ni dakika tano tu, na pointi haitaguswa."

Véronique alihesabu kwa kidole bila kugusa kioo. Kumi na tisa. Alihesabu tena.

"Unajua, mutoto wangu," alisema, "mi nilimuacha peke yake barabarani. Hakuna hata mutu mumoja alikaa naye. Sasa hawa wamekuja kukaa, na weye unataka kubafukuza?"

Charlotte akaondoa mkono kwenye kompyuta, akasema kwamba ofisi ya ardhi inapima mashamba, na nukta haziwasumbui.

Véronique aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. "Na mimi ni ipi?"

Charlotte akamwonyesha ile iliyo karibu kabisa na kitambaa, kubwa kuliko zingine.

"Yesu!" alisema Véronique. "Niko munene hivi?" Akacheka, akacheka mpaka akashika meza, na Charlotte akamletea kiti kingine na kitambaa cha kufutia machozi, maana hakikuwa kicheko tena.